Kumwuliza Aliyeona



Mtu akija kwako akasema ameona jambo ambalo wewe hujapata kuliona, utamjibu nini? Ukimkubalia papo hapo, pengine unajidanganya. Ukimkatalia papo hapo, pengine unamdhulumu. Swali hili limenisumbua miaka mingi, nami naliandika leo kwa sababu mwanzo wake ni kosa langu mwenyewe.

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha darasa la tano katika shule moja ya mkoa huu wa Tabora. Siku moja, katika somo la sayansi, niliwataka watoto wataje ndege wanaowajua. Wakataja kanga, njiwa, mwewe, kunguru na hondohondo. Kisha akasimama mtoto mmoja aliyekuwa amerudi kutoka likizo kwa mjomba wake, mvuvi wa ziwa Sagara, kule magharibi kwenye mabwawa ya mto Malagarasi. Akasema ameona ndege wa rangi ya majivu, kimo chake kama yeye mwenyewe, mwenye mdomo kama kiatu, anayesimama kimya muda mrefu akimvizia kamongo.

Nikamwuliza, "Kiatu cha kushoto au cha kulia?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto akaketi. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Kiatu, na mpaka mwaka ulipokwisha hakunyoosha mkono tena katika somo langu.

Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikawa ya kwanza kwa nchi yetu. Miaka michache baadaye niliona picha kubwa ukutani katika ofisi moja ya mjini. Ndege wa rangi ya majivu, kimo chake zaidi ya mita moja, mdomo wake mpana kama kiatu. Maelezo yalisema kwamba ni ndege adimu wa mabwawa ya mafunjo, kwamba yumo Malagarasi, na kwamba hupenda kula kamongo. Nikasimama mbele ya picha ile kama mtu anayesomewa hukumu.

Basi, ndugu msomaji, kosa langu lilikuwa nini? Wengine watasema nilikosa kwa kuwa sikumwamini. Mimi sidhani hivyo. Mwalimu anayeandika ubaoni kila aambiwalo si mwalimu. Kosa langu ni kwamba nilisema maneno yenye umbo la swali, na kumbe sikutaka jibu.

Baada ya kustaafu nimejifunza kidogo desturi za watu wanaotazama ndege kwa utaratibu, nikaona wamelifikiria jambo hili kuliko sisi walimu. Kwao, mtu akiona ndege adimu huandika hapo hapo, kabla ya kufungua kitabu cha picha, maana picha ya kitabuni huingia katika kumbukumbu bila kubisha hodi. Huandika ndege alikuwa umbali gani, jua lilikuwa upande gani, alimtazama kwa muda gani. Na hutenga aliloliona kwa macho na alilolikisia. Katika Afrika Mashariki ipo kamati ya watu wazoefu inayopitia taarifa za namna hiyo. Ushahidi usipotosha, taarifa huhesabiwa kuwa haijathibitishwa. Hilo si kusema kwamba mtu amedanganya. Na hata bingwa huulizwa, wala haimpasi kuona kwamba amevunjiwa heshima.

Kwa nini wasikubaliane tu kwa upole? Kwa sababu taarifa hizo ndizo zinazoonyesha ndege gani wako wapi, na kwa hizo watu huamua bwawa lipi lilindwe. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Anayekubali uongo kwa ajili ya adabu anawadhulumu wale waliosema kweli. Kwa hiyo kuuliza ni wajibu. Adabu iko katika namna ya kuuliza: kuanza na kilichoonekana na kumwacha kando aliyeona, kuuliza faraghani, si mbele ya kadamnasi, na kuwa tayari kwa jibu litakalotuaibisha sisi tuliouliza.

Mji wetu huu wapaswa kulijua jambo hili. Mwezi wa Julai 1858, Mwingereza Speke alimwacha mwenzake Burton hapa Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaenda kaskazini. Habari za ziwa la huko walikwisha kuzipata kwa wafanyabiashara Waarabu waliokaa hapa, hasa Snay bin Amir. Tarehe 25 Agosti Speke alirudi akasema ameliona ziwa, na kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Wenyeji wa ufukoni, bila shaka, hawakuwa na ubishi kwamba ziwa lipo. Lakini la Nile lilikuwa neno jingine: Speke alikuwa ameona upande wa kusini tu, wala hakuwa ameona mto wowote ukitoka.

Burton alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba baada ya siku chache walilikwepa jambo lile, wasilizungumze tena. Wakatembea pamoja njia ya misafara mpaka pwani wakiwa na neno hilo katikati yao. Walipofika kwao Uingereza likawa ugomvi wa hadharani. Mwaka 1862 Speke aliuona mto ukitoka ziwani, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa akathibitisha. Lakini Speke hakuwapo kusikia. Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Burton mbele ya wataalamu mjini Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mmoja aliona, akachukia kuulizwa. Mwenzake alijua la kuuliza, akauliza kama adui.

Asubuhi ya Pasaka wanawake walitoka kaburini na habari, na Mtakatifu Luka anatuambia kwamba mitume waliona ni upuuzi. Petro naye hakuwa na hakika. Hata hivyo aliondoka mbio kwenda kutazama. Shaka ya namna hiyo haimdhulumu mtu.

Nasema haya kwa sababu si habari ya ndege peke yake. Siku moja mtoto atakuja nyumbani na neno zito kuliko ndege, labda juu ya mtu mzima tunayemheshimu. Ikiwa la kwanza tulilichekea, la pili hatatuletea.

Miaka michache iliyopita nilimkuta mwanafunzi wangu yule katika stesheni ya Tabora, akisubiri treni ya Kigoma. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba. Nikamweleza habari ya ile picha, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kutoniamini si neno. Hata mimi nilipokua nilianza kujiuliza kama kweli nilimwona. Ila siku ile nilikuwa nimejitayarisha uniulize miguu yake ilikuwaje."

Basi pale pale kwenye benchi, baada ya miaka zaidi ya thelathini, nikamwuliza miguu yake ilikuwaje. Akaniambia ilikuwa mirefu, yenye vidole virefu mno, ikikanyaga majani yanayoelea bila kuzama. Akaendelea kunieleza, nami nikasikiliza, mpaka abiria wakaitwa kupanda.