Ahadi ya Simba kwa Kiara



Juzi nilikaa na wadogo zangu tukaangalia tena ile katuni ya pili ya Lion King, Simba's Pride, ya mwaka 1998. Nilidhani ni ya watoto. Kumbe ilikuwa inanisubiri mimi.

Mnakumbuka siku Kiara anapokwenda kuwinda kwa mara ya kwanza? Anamtaka baba yake aahidi kwamba atamwacha awinde peke yake. Simba anaahidi. Binti hajafika mbali, anawatuma Timon na Pumbaa wamfuate kwa siri. (Yaani ngiri ndiye wa kunyatanyata!) Wanyama wanamsikia Kiara, wanatimka. Anawakimbiza, mwishowe anakutana na walinzi wake. Anapojua kwamba ahadi ilikuwa ya mdomoni tu, anaondoka kwa hasira kwenda kuwinda nje ya mipaka ya baba yake, na huko moto unamzingira nusura afe.

Hapo nikawaza: Kiara si mzembe. Miguu anayo, kucha anazo, na kwa simba majike ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuwinda. Alichonyimwa ni nafasi ya kukosea mapema, akiwa bado mdogo na hasara ikiwa ndogo. Baadaye Kovu anapomfundisha, hamkamatii windo. Anamwacha amnyatie yeye mwenyewe, Kiara anaruka, anakosa, anaambiwa anahema kwa kelele. Basi, hapo ndipo anaanza kujifunza.

Nami nilifika chuo nikiwa sijawahi kununua hata sabuni. Baba alininunulia kila kitu, alinipeleka shule na kunirudisha, hata semina za vijana parokiani alikaa nje akinisubiri. Chuoni, hela ya mwezi mzima iliisha siku ya tisa. Nikamdanganya kwamba nimeibiwa. Akatuma nyingine siku hiyohiyo, na moyoni nikamlaumu yeye: si ndiye aliyenilea hivi?

Uongo ule niliubeba mpaka kwenye kitubio. Padre hakunikaripia. Aliniuliza tu kama najua baba yangu anaogopa nini. Sikujua.

Simba tunajua anaogopa nini. Alimwona Mufasa akifa, na yeye alikuwa mtoto. Anayelinda kupita kiasi mara nyingi ana kidonda ambacho hajakisema. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaambia wazazi kwamba kumfuatilia mtoto kila hatua si kumlea, kwa sababu hakuna anayeweza kutawala kila jambo litakalompata. Waraka huo aliutia sahihi siku ya Mtakatifu Yosefu. Na Yosefu huyo, pamoja na Maria, alimtafuta Yesu siku tatu kwa uchungu. Walipomkuta hekaluni, Maria hakuficha uchungu wao, alimwambia. Yesu naye akarudi nao Nazareti, akawatii. Sasa wewe unayesema "wazazi wangu wananibana", umewahi kuwauliza uchungu wao? Au unasubiri tu upenyo utoroke, kama Kiara?

Likizo nilimwambia baba ukweli kuhusu ile hela. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanisimulia habari za mdogo wake wa kike, aliyetumwa dukani siku moja akagongwa na gari. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia jina lake. Tulilia wote, tukasali rozari kwa ajili yake.

Nikamwomba, "Baba, niache nikosee nikiwa bado nyumbani."

Jumamosi akanipa hela ya soko ya wiki nzima. Akasimama mlangoni, viatu ameshavaa, halafu akavivua. Nilirudi na nyanya, nusu zimeoza chini ya ndoo. Mama alicheka. Baba alizichagua moja moja, akala mchuzi, akauliza Jumamosi ijayo naenda saa ngapi.