Siku Saba

Amri yenyewe ilikuwa mstari mmoja: tafuta kila faili ambayo haijabadilishwa kwa zaidi ya siku saba, futa. Niliiandika nikiwa mwaka wa pili, nikilipwa kwa saa kuangalia maabara ya kompyuta ya chuo ambacho baadaye nilikiacha. Niliipangia iamke yenyewe saa nane usiku, nikaenda zangu kulala.

Usinihukumu bado. Faili za wanafunzi wote zilikaa kwenye seva moja, na diski ilikuwa imejaa hadi mtu akitaka kuhifadhi kazi ya darasa anakataliwa. Kilichoijaza unakijua: filamu, muziki, insha moja katika nakala sita, "final", "final2", "final kabisa". Halafu kulikuwa na picha za vitambulisho na fomu za mkopo wa HELB, zimeachwa tu humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ya mtu isiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kwa hivyo nilikuwa na hoja, tena nzuri. Na tangazo nilibandika mlangoni wiki nzima kabla ya kuanza: siku saba, beba flashi.

Saba niliitoa wapi? Hewani tu.

Siku kumi baada ya tangazo akaja dada mmoja wa mwaka wa nne, aliyekuwa nyumbani wiki mbili akisaka karo. Projekti yake ilikuwa imekamilika, imebaki kuchapishwa tu. Na hapo ndipo penye shida. Amri ile ilihesabu siku tangu faili ibadilishwe mara ya mwisho, na kazi iliyokamilika haibadilishwi. Kwa mashine, aliyemaliza na aliyetelekeza ni mtu mmoja. Tena ukifuta kwa amri hakuna pipa la taka la kwenda kufukua.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Uliangalia ni nini kabla ya kufuta?"

Nikamwambia mimi sichungulii faili za watu. Nilisema kwa fahari kidogo.

"Kwa hivyo hukujua."

"Sikujua."

"Na ukafuta."

Nimelirudia jibu langu mara nyingi tangu siku hiyo. Kutochungulia ni heshima, naamini hivyo hadi leo. Singetaka mtu wa maabara asome vitu vyangu. Lakini heshima yangu ilikuwa imefanana sana na kutojali, hata mimi mwenyewe sikuweza kuzitenganisha. Ningependa kusema mashine ndiyo iliyofuta. Hapana. Nilifuta kazi ya mtu nikiwa nimelala, na usingizi huo ulikuwa sehemu ya mpango: niliandika skripti ndiyo nisilazimike kuwepo.

Eti amri ilikuwa sawa kwa wote. Wenye laptopu hawakupoteza hata herufi moja. Siku saba ni kitu kimoja kwa anayelala hosteli, ni kitu kingine kwa aliyezuiwa getini kwa salio la karo. Ni kama ile X nyekundu inayopakwa vibandani kabla ya tingatinga kufika: notisi ipo, ila aliyesafiri kumzika mamake hataiona.

Alikuwa na nakala ya zamani kwenye karatasi, imechorwachorwa na msimamizi wake kwa kalamu nyekundu. Tukaanzia hapo. Nilimpigia chapa sura ya pili kwa siku mbili, bila malipo, na bado, manze, nilijiona mkarimu. Amri nayo nikaibadilisha: badala ya kufuta, ihamishe faili kwenye folda ya kando zikae muhula mzima, na mwenyewe apate ujumbe akiingia. Diski ikajaa tena kabla ya mitihani. Bosi wangu alikasirika, na hakuwa na makosa. Ile ya zamani ikarudi.

Muhula uliofuata salio la karo likanifikia na mimi. Niliondoka na kila kitu changu kwenye flashi, kwa sababu darasani kwetu mimi pekee ndiye niliyejua saa nane usiku hutokea nini.