Walilowa Kwanza

Somo: Yoshua 3:7–17

 

Wana wa Israeli walipofika Yordani, mto ulikuwa umefurika hadi kingo zake. Tukisoma kwa makini, tunaona kwamba maji hayakusimama makuhani wakiwa bado nchi kavu. Yalisimama baada ya nyayo zao kuyagusa, nao wamelibeba sanduku la agano. Walilowa kwanza, ndipo njia ikafunguka.

Sisi hutaka iwe kinyume. Tunaomba hofu iondoke kwanza, ndipo tuitikie wito.

Tunaye shahidi kutoka kwetu. Apolo Kivebulaya, Muganda aliyebatizwa mwaka 1895, alijitolea kupeleka Injili Mboga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Aliposikia kwamba walimu waliomtangulia walirudi kwa sababu ya njaa, alinunua jembe akaenda nalo, ili ajilimie. Kwa hiyo alijua vema shida inayomngoja. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki.

Huko mambo hayakuwa rahisi. Mtawala Tabaro alimpinga. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa moto, kisha akasingiziwa kifo cha ndugu ya mtawala na kutiwa gerezani. Aliogopa kama mtu yeyote. Alisimulia mwenyewe kwamba katika dhiki ile Yesu alimtokea, akamtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Alipoachiliwa alirudi palepale Mboga, na baadaye Tabaro naye akaamini. Miaka mingi mbele, Apolo aliwaendea Wambuti msituni. Alifariki Mei 1933, akazikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza, ili kazi isiishie hapo. Kanisa Anglikana la Kongo lilianzia Mboga.

Wapendwa, tuseme ukweli. Kwa majuma kadhaa tumetangaza kwamba watoto wetu wanahitaji walimu wa Shule ya Jumapili. Tulipouliza nani yuko tayari, wote tuliinamisha vichwa. Hata sisi wazee wa kanisa tulinyamaza. Tulisema tumechoka na kazi za usiku, na ni kweli tumechoka. Lakini sababu nyingine hatukuitaja: tunawaogopa watoto wetu. Kiingereza chao kimetupita, nasi tunaogopa kuchekwa tukikosea neno mbele yao.

Mwishowe mama mmoja alisimama. Sauti ilimtetemeka. Alisema hajui kufundisha, ila atakuja. Jumapili ya kwanza watoto walimcheka kweli, naye akacheka pamoja nao, akawaomba wamfundishe lile neno. Kisha akawafundisha neno hilohilo kwa Kiswahili. Bado anaogopa, ametuambia hivyo. Na bado anakuja.

Wengi wetu tumeshavuka mipaka na mito mtoto akiwa mgongoni, bila kujua upande wa pili tutalala wapi. Mungu aliyetuvusha kule hakubaki kule. Ikiwa moyoni mwako kuna wito, wa kufundisha, wa kusoma, wa kumtembelea mgonjwa au wa kusuluhisha ugomvi wa nyumba, usingoje hofu iishe. Chukua jembe lako uende nayo.

Leo baada ya ibada tutabaki kidogo na yule mama. Anahitaji wenzake wawili.

Tuombe: Bwana, tunaogopa, nawe wajua. Tupe nguvu ya hatua moja tu, na yule aliyekwisha kulowa usimwache peke yake. Kwa jina la Yesu, Amina.