Kitanda cha Futi Tatu

Wanafunzi wa vyuo vyetu wana neno ambalo sheria za hosteli hulitambua kama kosa tu: kubebana. Mwenye kitanda humpokea asiye nacho, wakalala mzungu wa nne kwenye godoro la futi tatu mpaka muhula uishe. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua mabweni mapya yenye nafasi 3,840, lakini mila hii ni kongwe kuliko majengo hayo.

Wiki ya mitihani ndiyo huipima. Taa haizimwi, madesa yametandazwa sakafuni, na yule mwenzao wa chumba ana pepa saa mbili asubuhi, anaiogopa sapu. Hapo wema wa mmoja unalipwa kwa usingizi wa mwingine. Je, bado ni wema?

Sisi wa Nansio hatuwezi kulijibu swali hili kwa wepesi. Kisiwani Ukerewe ni aibu kumwacha mtu gatini. Watu watasogea, naye atapata pa kukanyaga. Lakini tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Bugolora. Zaidi ya watu 220 walikufa. Tangu hapo, "sogea kidogo, tutatosha" ina uzito mwingine masikioni mwetu.

Utasema kitanda si kivuko. Kweli, hosteli hakuna anayezama. Ila ninachouliza si ukubwa wa hasara, ni nani anayeilipa. Anayempa mwenzake nusu ya godoro ametoa kilicho chake. Anayejaza chombo kupita kiasi ametoa roho za watu ambao hakuwauliza. Na yule mwenzao wa chumba naye hakuulizwa.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka mbebwaji atolewe nje usiku wa kuamkia mtihani. Hana chumba cha kupanga, wala nauli ya kurudi kwao. Kumfukuza hakumlindi yeyote. Wala siungi mkono ukarimu usiobisha hodi. Mbebaji amwombe mwenzake kwanza, na awe tayari kukataliwa.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Jembe la mbebwaji wiki hiyo si zito: asomee darasani, arudi kimya, asiwashe taa. Mwenye kitanda anaweza kugawa kitanda. Usingizi wa mwenzake si wake kuugawa.