Nani Alimwandikia Ace Kifo Chake?

Kwenye msiba mmoja wa hivi karibuni nilisikia maneno mawili yakitoka kwenye mdomo mmoja. La kwanza lilimhusu marehemu, ambaye baba yake aliwahi kufungwa kwa wizi: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." La pili aliambiwa swahiba wa marehemu, mtu aliyemuuguza mpaka pumzi ya mwisho na kulala kwenye benchi la hospitali huku wenye ukoo wakituma salamu kwa simu. Alipotaka kuingia kwenye kikao cha familia, mzee yuleyule alimwambia, "Tupishe, bwana. Hapa tunakaa wenye damu." Akatoka bila kubishana. Kwa hiyo damu ileile iliyotumika kumtukana maiti ndiyo iliyotumika kumfukuza rafiki yake, na hakuna aliyeona kasoro.

Usiku, tukiwa tumekaa chini ya turubai, mpwa wangu alitaka kunituliza. "Mjomba, lakini mzee ana hoja. Hata Ace alikufa kama baba yake." Kauli hiyo ilinikera kuliko ya mzee. Mzee alisema kwa hasira za msiba. Mpwa wangu alisema baada ya kufikiri, tena kwa kumtaja mhusika ninayempenda kuliko wote katika katuni za Kijapani. Nimeona nimjibu kwa maandishi.

Kwa asiyemfahamu, Portgas D. Ace ni mhusika wa pembeni katika One Piece, kazi ya Eiichiro Oda iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1997 na kugeuzwa anime mwaka 1999. Shujaa wa hadithi ni Luffy. Ace anaingia, anatoka, anatajwa, na kabla hujamzoea yuko kwenye jukwaa la kuulia huko Marineford. Baba yake ni Gol D. Roger, Mfalme wa Maharamia, aliyeuawa hadharani kabla mwanawe hajazaliwa. Serikali ya Dunia ilisaka kila mimba iliyoweza kuwa ya Roger, na mama yake Ace, Rouge, akaizuia yake tumboni kwa miezi 20 ili hesabu za wasakaji ziharibike. Akajifungua, akafa. Garp wa Jeshi la Majini akamchukua mtoto na kumficha kwa majambazi wa mlimani, alelewe na mwanamke aitwaye Dadan. Huko Ace akakutana na Sabo, mtoto wa kabaila aliyewakimbia wazazi wake akaona heri aishi jalalani, na baadaye Luffy, mjukuu wa Garp. Siku moja Ace aliiba sake ya Dadan, akapanga vikombe vitatu juu ya kisiki, akawaambia wenzake kwamba wakinywa pamoja watakuwa ndugu. Wakubwa wawili walikuwa na miaka 10, mdogo wao 7. Wakanyanyua vikombe, wakanywa, ikawa. Hapakuwa na mzee wala shahidi.

Maana ya kudura na majaaliwa sitaichambua hapa. Kila aliyepita madrasa au shule ya Jumapili anayo ya kumtosha. Undugu wa kiapo nao unajulikana: watu wasiochangia mzazi wanaapa kuchukuliana kama waliochangia. Ninachotaka kukishika ni hiyo kauli ya nyoka.

Hoja yenyewe inakwenda hivi. Roger aliuawa hadharani, mbele ya umati. Mwanawe naye akapandishwa jukwaani mbele ya umati. Baba alikuwa mtu asiyekimbia adui, mwana naye hakukimbia. Basi damu ilimfuata, na vile vikombe vitatu vilikuwa mchezo wa watoto.

Hebu tujiulize, Ace angefanya nini ili hoja hii ionekane ya uongo? Angetoroka Marineford na kuishi hadi uzeeni, mpwa wangu angesema, "Unaona? Damu ya mfalme haikamatiki." Angekuwa mvuvi mpole wa kijijini, tungeambiwa damu imelala tu, itaamka kwa wajukuu. Akifa, damu, akipona, damu. Kauli inayokubaliana na kila tokeo haikutabiri lolote. Imekaa pembeni ikangoja mambo yaishe, kisha ikaja kudai kwamba ilijua. Ndivyo alivyofanywa marehemu wetu pia. Miaka yote aliyofanya kazi halali hakuna aliyesema nyoka amezaa asiye nyoka. Siku alipokosana na ndugu zake kuhusu kiwanja, methali ikatolewa kabatini.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hoja hii inamficha muuaji. Damu ya Roger haikumkamata Ace. Alikamatwa na Teach, ambaye baadaye tunamjua kama Blackbeard, katika kisiwa cha Banaro, akakabidhiwa kwa Serikali kama mzigo wa kununulia cheo. Damu haikumhukumu. Walioketi na kuamua kwamba mtoto wa Roger lazima afe ni watu wenye majina na mishahara, na waliamua hivyo angali tumboni, hajaiba hata embe. Pale jukwaani Sengoku, mkuu wa Jeshi la Majini, alimtaka Ace ataje jina la baba yake mbele ya dunia. Ace akajibu kwamba baba yake ni Whitebeard, nahodha wake wa maharamia, peke yake. Sengoku akamkatalia na kumtangaza kuwa mwana wa Roger. Tazama hapo kwa makini. Kama damu ingekuwa na nguvu yake yenyewe, ya nini kuitangaza? Mto hauhitaji mpiga mbiu ili uteremke. Ilitangazwa kwa sababu bila tangazo isingefanya kazi, na mtu aliyeipa kazi alikuwa amesimama palepale, amevaa sare.

Haikuanzia jukwaani. Akiwa mtoto, Ace alikuwa akiwauliza watu: kama Roger angekuwa na mwana, ingekuwaje? Watu wazima, bila kujua wanaongea na nani, walimmiminia laana. Alikuwa akiwapiga, kisha anakwenda kuuliza wengine. Akamuuliza na Garp kama ni vyema kwamba alizaliwa, na Garp akamjibu kuwa hilo atalijua kwa kuishi. Mtoto anayezunguka mitaani akikusanya hukumu yake mwenyewe hafuatwi na kudura. Anafuatwa na midomo. Tukishamzungushia mtu midomo ya namna hiyo miaka 20, halafu afe vibaya, tunasema ndivyo alivyoandikiwa, na kalamu bado tunayo mkononi.

Mpwa wangu atasema nimelikwepa lile la kutokukimbia. Silikwepi. Ni kweli hadithi yenyewe inaonyesha kwamba Roger hakuwa akimpa adui mgongo pale wapendwa wake walipokuwa nyuma yake, na kwamba Ace, akiwa bado mtoto, aligoma kumkimbia haramia Bluejam moto ukiwaka jalalani. Nakubali amerithi ukaidi huo. Lakini ukaidi hauna anwani. Haukuambii usimame kwa ajili ya nani. Pale Marineford Ace alikuwa amekwisha kufunguliwa pingu na njia ilikuwa wazi, ndipo Akainu, admirali wa Jeshi la Majini, akamtukana Whitebeard. Ace akageuka. Hakugeuka kwa ajili ya jina la Roger, jina alilolichukia maisha yake yote hata akachukua ukoo wa mama. Aligeukia jina la mzee ambaye alijaribu kumuua zaidi ya mara 100 kabla hajakubali kumwita baba. Na ngumi ya magma ya Akainu ilipoelekezwa kwa Luffy, aliweka mwili wake katikati, na ngumi ikampitia yeye. Anakufa katika sura ya 574, ya mwaka 2010. Mzazi wa Luffy ni Dragon, wa Ace ni Roger. Damu haina la kusema katika tendo lile.

Tena kama tunahesabu damu, tuihesabu yote. Garp ni babu wa Luffy wa kuzaa. Siku ile alikuwa upande gani? Alikuwa upande wa jukwaa. Luffy alipokuja akikimbia kumwokoa Ace, Garp alisimama njiani kumzuia, na sekunde ya mwisho mkono ukamlegea, akapigwa, akaanguka. Ninampenda Garp na ninamhurumia. Lakini yule aliyeshuka Impel Down, gereza la chini ya bahari, akala sumu ya mkuu wa gereza, Magellan, na kukubali miaka ya uhai wake ipunguzwe ili ainuke tena, alikuwa ndugu wa kikombe.

Zipo hoja za haki kuliko hii ya mpwa wangu. Oda mwenyewe amewapa wengi wa wahusika wake wakubwa baba au babu mashuhuri, na hilo linanipa shida. Na damu haihitaji kukumbukwa ili iwepo, ilhali kiapo kinahitaji: Sabo alipoteza kumbukumbu na kwa miaka mingi hakujua kama ana ndugu.

Nikifikia hapa fikra huniponyoka na kurudi kwetu, maana sisi nasi tulikuwa na udugu wa kuchanjiana damu. Mtemi Mirambo alichanjiana na msafiri Stanley mwaka 1876. Lakini anayenirudia kila mara ni Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Mwaka 1890 alikula kiapo cha udugu na Lugard kule Dagoretti, na Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, akapewa mahali pa kujenga ngome. Kisha Lugard akaendelea na safari yake ya Uganda. Waliobaki ngomeni wakapora chakula cha watu, ugomvi ukaanza, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa na kusafirishwa kuelekea pwani. Akafia Kibwezi. Watu husoma kisa hiki na kusema, ona ujinga wa kuamini kiapo. Mimi naona kinyume. Waiyaki alijua vizuri kiapo ni nini. Alijua kinamfunga mtu hata pale kisipomfaa, na ndiyo maana kilikuwa na thamani ya kutolewa ardhi. Asiyejua ni yule aliyekichukua kama hati ya kupangisha. Kiapo kikivunjwa, aibu ina mwenyewe, na jina lake tunaweza kulitaja hadi leo. Damu ikisaliti, nani wa kumtaja? Ndugu wa tumbo moja akikuacha unaambiwa "ndugu ni ndugu tu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Hata hivyo liko jambo ambalo siwezi kulimaliza, nalo halitoki kwa mpwa wangu. Sabo alipodhaniwa amekufa baharini, Ace alimwahidi Luffy kwamba yeye hatakufa kamwe, hawezi kumwacha peke yake mdogo wake aliye dhaifu namna ile. Ni ahadi gani hiyo? Mtu huahidi kilicho mkononi mwake, na uhai haumo mkononi mwa mtu. Wale watatu wa riwaya ya Kichina ya Falme Tatu, Liu Bei, Guan Yu na Zhang Fei, waliapa kufa siku moja. Kila mmoja akafa siku yake. Ace naye alishindwa, tena alishindwa kwa sababu ya udugu uleule uliomfanya aahidi: kulinda ndugu kulidai afe, na kuahidi kwa ndugu kulidai aishi. Alivunja kiapo au alikitimiza? Nikisema alikitimiza, nageuza ahadi kuwa kitu cha kunyoosha unavyotaka. Nikisema alikivunja, naona uso wa Luffy aliyembeba mikononi na ulimi unakwama. Labda kudura, kama ipo, haikai kwenye kuzaliwa bali kwenye yale tuliyoyaahidi tukiwa wadogo tusiojua bei yake. Sina hakika. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa na kuifuta.

Sabo alikuwa hai. Kumbukumbu ilimrudia aliposoma gazetini kwamba Ace amekufa, na baadaye huko Dressrosa alishindania tunda lililompa Ace nguvu za moto, akalila, ili lisiende kwa mgeni. Ace mwenyewe amezikwa kando ya Whitebeard, asiyekuwa na tone la damu moja naye, na waliozika walijua baba yake mzazi ni nani. Mpwa wangu, na wewe mzee uliyemfukuza mtu msibani, nielezeni hilo kaburi kwanza, kisha tuendelee na habari za nyoka.