Mradi wa darasani ukizaa kampuni, mali ni ya nani?

Kijana mmoja wa Iyula, wilayani Mbozi mkoani Songwe, ameniletea swali ambalo nimeona si la kujibiwa pembeni. Akiwa chuoni, yeye na wenzake watatu walitengeneza kifaa cha kupima unyevu wa kahawa, kikawa ndio mradi wao wa kuhitimu. Kwao kahawa ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, na isipokaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 au 12, huota ukungu na bei yake huanguka. Walipohitimu wakatawanyika. Wenzake wakaenda kutafuta riziki Tunduma na kwingineko, yeye akabaki na kifaa, akakirekebisha kwa miaka miwili, akikipeleka kwa mkulima huyu na yule. Sasa amepatikana mtu wa kutia mtaji ili ifunguliwe kampuni. Wenzake wamesikia, nao wanadai fungu. Anauliza: je, nina deni kwao?

Jibu langu ni kwamba analo. Ila si kubwa kama wanavyolidai wao, wala si dogo kama anavyotaka yeye liwe.

Tuitazame kwanza hoja yake, maana ina uzito. Anasema wenzake waliondoka, shida akabaki nayo peke yake. Ni kweli. Miradi mingi ya wanafunzi hufa siku ile ile ya kupewa maksi, ikabaki kuota vumbi kabatini. Aliyeutoa mradi kabatini akaufikisha shambani amefanya kazi ambayo wengine hawakuifanya. Tena wazo tupu si mali. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu ya kompyuta iliyokwisha kuandikwa, hailindi wazo lililobaki kichwani. Kwa hiyo aliyesema tu "tutengeneze kipimo" kisha akawaacha wenzake wakeshe, hana la kudai zaidi ya shukrani.

Lakini vipi yule aliyeiandika programu? Vipi yule aliyekesha akiunga nyaya? Kazi yao imo ndani ya kifaa hadi leo, na bila hiyo hakuna cha kumwonesha mwenye mtaji. Kuondoka si kusamehe. Mtu akishiriki kujenga msingi kisha akasafiri, msingi haugeuki kuwa mali ya aliyepandisha ukuta. Ukuta ni wake aliyeupandisha, msingi ni wa wote.

Basi hapa pana hesabu mbili, na ugomvi unatokana na kuzichanganya. Hesabu ya kwanza ni ya kilichofanywa pamoja chuoni, nayo igawanywe kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Ya pili ni ya ile miaka miwili, nayo ni ya kijana peke yake. Wenye kujua mudharaba wanafahamu kwamba mwenye mtaji na mwenye kazi kila mmoja ana fungu lake katika faida, na kwamba mafungu hayo hukubaliwa kabla biashara haijaanza.

Wakubwa wa dunia nao wamepitia hapa. Google ilianza kama utafiti wa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Hataza ya mbinu yao ilikuwa ya chuo. Kampuni ilipoundwa mwaka 1998, waliandikiana: kampuni itumie mbinu, chuo kipate hisa. Mwaka 2005 chuo kilikuwa kimeuza hisa hizo kwa dola milioni 336, na wanafunzi wale hawakufilisika. Facebook nayo ilizaliwa Harvard mwaka 2004, lakini wanafunzi wenziwe mwanzilishi wake walikwenda mahakamani wakidai wazo ni lao, na mwaka 2008 suluhu yao ilitajwa kuwa ya dola milioni 65. Kote kulikuwa na fedha nyingi. Huku kulikuwa na karatasi, kule kulikuwa na maneno ya bwenini.

Karibu zaidi na sisi, wanafunzi wa Makerere nchini Uganda waliendesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Kutokana nalo ikaja Kiira Motors, ambayo asilimia 96 ni ya serikali na 4 ni ya chuo. Sisemi kuna aliyedhulumiwa, kwani wanafunzi wasingeweza kujenga kiwanda Jinja kwa fedha za mfukoni. Nasema tu kwamba 96 na 4 ni 100, na hesabu imekwisha.

Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na Muislamu hana udhuru, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni.

Ushauri wangu kwa kijana: kabla hujasaini na mwenye mtaji, waite wenzako. Andikeni nani alifanya nini na lini. Someni kanuni za chuo chenu, huenda nacho kina fungu. Anayetaka hisa ndogo apewe, anayetaka kulipwa mara moja aondoke alipwe, kisha ndipo mwende BRELA kusajili kampuni. Unahofia kwamba mwenye mtaji atakimbia akiona majina manne? Mwenye akili atakimbia zaidi akigundua kesho kwamba kuna majina matatu yaliyofichwa.

Na kwa wale watatu: msisubiri harufu ya fedha ndipo mkumbuke urafiki. Haki yenu ipo, lakini miaka miwili ya mwenzenu si yenu.