Mshika Mbili Moja Humponyoka

Mara nyingi methali hii hutumika kumkemea mwenye tamaa. Mtu akifungua duka la pili kabla la kwanza halijasimama, au akiahidi kuwa mahali pawili kwa saa ileile, wazee hutikisa kichwa na kusema: mshika mbili moja humponyoka. Onyo hilo ni la haki, lakini ni nusu tu ya maana yake. Ndani ya methali hii mna somo zima la namna ya kuishi: kuchagua machache, kuyashika barabara, na kuyaacha mengine kwa hiari kabla hayajakutoka kwa lazima.

Maana ya juu inahusu mkono na kinachoshikwa. Kwa miaka mingi, katika vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, abiria wa MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, walipanda kutoka kwenye mitumbwi na boti ndogo zilizoifuata nje majini. Wimbi huinua mtumbwi, huushusha, kisha huusogeza mbali na ubavu wa meli. Aliyebeba furushi mkono mmoja na mtoto mkono wa pili hakuwa na mkono wa kujishikia. Ilibidi kimoja akikabidhi kwa mwenzake kwanza, ndipo apande. Mkono una kipimo chake, hata uwe na nguvu namna gani.

Katika maana ya ndani, mkono ni muda wetu, akili yetu na moyo wetu, na vyote hivyo navyo vina kipimo. Tunajiunga na vikoba vitatu, tunakubali ukamati wa kila harusi, tunachukua mkopo wa pikipiki juu ya mkopo wa nyumba, tunasoma ujumbe wa simu huku mgeni akizungumza nasi. Tunaona tunashika vingi. Kumbe methali haisemi ni ipi itakayoponyoka, na hapo ndipo penye uzito wake. Asiyechagua huchaguliwa, na kinachoanguka mara nyingi ni kile alichokipenda zaidi. Deni lina mdai anayebisha hodi. Mkuu wa kazi ana simu. Lakini mtoto anayesubiri baba arudi kabla hajalala hana barua ya onyo ya kuandika, na mwili unaokosa usingizi huvumilia miaka kabla ya kulalamika. Vitu vyenye thamani kubwa huponyoka kimyakimya, na mwenyewe hushtuka siku nyingi baadaye.

Je, basi methali inamkataza mtu kuwa na kazi mbili? Jibu zuri liko Kipili, kijiji cha mwambao katika Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ambako barabara itokayo Namanyere huteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa hadi ziwani. Watu wa mwambao huu huvua na pia hulima, na wengi huishi kwa vyote viwili. Tofauti ni kwamba kila kimoja kina wakati wake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji, kisha hungoja samaki wakusanyike chini ya mwanga ndipo wavu ufanye kazi yake. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki vizuri, na vyombo hupumzika ufukweni. Siku hizo ni za kushona nyavu, kukagua mbao za chombo, kwenda shambani na kukaa na familia. Mvuvi anayetoka usiku wa giza huwa ameliacha shamba. Anayelima siku za mbalamwezi huwa ameliacha ziwa. Ana mambo mawili maishani, ila mkononi ana moja.

Ziwa lenyewe limetufundisha somo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa nyumba inayokula kwa ziwa, miezi mitatu si kitu kidogo. Lakini haiwezekani kushika samaki wote wa leo na samaki wa kesho kwa pamoja. Ukiacha kwa mpango, kesho unarudi kuvua. Ukiacha kwa sababu ziwa limekwisha, huna pa kurudi.

Taifa letu nalo liliwahi kuigeuza hekima hii kuwa sheria ya uongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa katika kampuni, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Kila mtu ana maoni yake juu ya siasa ile, lakini swali lake bado linadai jibu: anayeshika utumishi wa umma kwa mkono mmoja na biashara yake kwa mkono wa pili, kipi kitaponyoka?

Lazima tuitumie methali hii kwa huruma. Mama anayeuza dagaa wakavu asubuhi na kusuka mikeka jioni hashiki mbili kwa tamaa. Anazishika kwa sababu moja haimtoshi. Kumwambia apunguze ni kumcheka mwenye njaa. Mwenye kuambiwa ni yule aliyepata cha kutosha na bado hajui kutosheka, anayeongeza kwa sababu jirani ameongeza, au anayeogopa kusema “hapana” asije akaonekana hana uwezo. Maisha mepesi si ufukara. Ni utajiri wa mtu anayejua anachokitaka.

Kwa hiyo, anayetaka kuifuata methali hii asianze kwa kutupa vitu. Aanze kwa kujiuliza, kila anapotaka kukubali jambo jipya: nikilishika hili, nitaachia nini? Kama hana jibu, basi jibu lipo na hajaliona. Apime kila alicho nacho kwa kipimo hiki: kikiponyoka, kitarudi? Biashara iliyofungwa yaweza kufunguliwa tena, na kiti cha kamati hupata mwingine wa kukikalia. Utoto wa mwanao haurudi, wala mzazi aliyekufa hujamtembelea. Yasiyorudi yashikwe kwanza, kwa mikono yote miwili. Mengine yangoje zamu yake, na yasiyo na zamu yaagwe kwa heshima.